Daftari la karakana na barua ya posa

Nilipompenda mwenzangu nilikuwa fundi seremala wa kulipwa kwa kazi katika karakana moja huko Keko, Dar es Salaam, naye alikuwa ameanza kusomea udaktari, masomo ya miaka 5 ambayo hufuatwa na mwaka mzima wa mafunzo kazini hospitalini. Baba yake alikuwa mhasibu mstaafu; wangu ni mkulima wa mihogo Mkuranga, na shule niliiacha kidato cha pili.

Kosa langu lilikuwa kuigiza. Nilikopa fedha za riba nikamnunulia simu, na kila nilipomtembelea nilijisugua kwa dodoki hadi ngozi ikauma ili harufu ya vanishi isinifichue. Yeye alipozungumzia ubingwa wa magonjwa ya watoto, mimi nilizungumzia ndoa ya haraka, si kwa kuwa nilikuwa tayari, bali kwa hofu kwamba angeniponyoka kabla sijamfunga. Neno hilo “kumfunga” nalitumia kwa makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Tuligombana karibu mwaka mzima, mpaka Jumapili moja nilipochoka na uongo wangu nikampelekea daftari la hesabu zangu, lenye ujira wa kila kitanda, madeni yote na fedha ninazomtumia mama. Alilisoma kimya, ukurasa kwa ukurasa, kama anayesoma faili la mgonjwa, kisha akaniuliza kwa nini kitanda cha mninga nilikiuza kwa bei iliyozidi kidogo tu gharama ya mbao zake. Sikuwa na jibu.

Siku hiyo tulikubaliana simu iuzwe ili deni lilipwe, zawadi zikome, na posa isubiri hadi amalize mafunzo yake. Nami nilianza kupanga bei upya na kuweka akiba ya kufungua karakana yangu. Sherehe za wanafunzi wenzake sikuziweza, na hadi leo sizihudhurii.

Alipomaliza, mshenga wangu alipeleka barua. Alirudi na swali moja kutoka kwa mzee: je, karakana ina leseni ya biashara? Nilitoa nakala yake siku hiyohiyo, nikamkabidhi mshenga, na sasa tunasubiri majibu.