Ukimkubalia kwa simu, mimi nabaki na nini?

Ni Jumapili usiku, sare za Junior zimeshapigwa pasi, na maneno ya Fundi, msimamizi wa zamu ya usiku kwenye bekari yetu, bado yananirudia. Aliyasema Jumanne saa kumi na moja alfajiri, amesimama mlangoni pa stoo, unga mpaka kwenye nyusi. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameikunja mara nne.

Nikamwambia, "Fundi, kama ni mshahara, tukae tuzungumze."

Akasema, "Dada, siyo mshahara. Yule kijana mimi nilimnyima ruhusa. Akatoka nje, akakupigia, ukamkubalia. Ukimkubalia kwa simu, mimi nabaki na nini?"

Harusi ya Mwanaidi imepita, watu wa vipimo wamekuja wakapima mikate na kuondoka bila neno, Baba Mdogo kamalizia deni la tanuri jipya. Mimi kimawazo niko palepale mlangoni pa stoo.

Hiyo simu naikumbuka. Ilikuwa saa tano usiku, kijana akasema kuna msiba kwa jirani yao, nikamwambia nenda. Sikumwuliza kama ameongea na msimamizi wake. Donge la pili lilikuwa limeshaumuka na aliyekuwa apange treyi ndiye huyo aliyeondoka. Fundi akapanga mwenyewe, tanuri likakosa mtu wa kuliangalia, treyi nne zikaungua. Asubuhi niliyemwuliza habari za treyi ni yeye Fundi. Alinijibu, "Zimeungua, dada," akaenda kunawa. Nilipaswa kusikia kitu pale.

Mnakumbuka tulivyompandisha mwezi wa tatu, niliandika hapa kwa furaha. Hakuna aliyeijua rangi ya mkate kama yeye. Lakini kazi ya tanuri na kazi ya zamu ni kazi mbili. Fundi wa tanuri anaangalia moto. Msimamizi anaangalia watu tisa, saa ya gari la usambazaji, na unga uliobaki kwa kesho. Tulimpa funguo, tukamwongezea mshahara, tukamtangaza mbele ya wenzake, basi. Mamlaka yake hayakuandikwa popote. Na mamlaka ambayo hayakuandikwa, mfanyakazi wa kwanza mwenye namba ya simu ya ofisini atayapima.

Nimechukua karatasi nikaichora safu tatu, ambazo zilipaswa kuwa tayari mwezi wa tatu. Safu ya kwanza ni mambo anayoyaamua msimamizi peke yake: kubadilishana siku za mapumziko kati ya watu wawili wa zamu yake, ruhusa ya usiku mmoja, kulikataa donge, kununua kitu cha dharura kisichozidi shilingi 30,000. Safu ya pili, anaamua kisha ananiarifu asubuhi: kumrudisha nyumbani aliyekuja amelewa, kuwabakiza watu baada ya saa za kazi, kusimamisha mashine ya kukandia. Safu ya tatu, haamui kabla hatujaongea: onyo la maandishi, kumwondoa mtu kazini, chochote kinachogusa mshahara. Karatasi inabandikwa ukutani, kila mtu aisome. Ikikaa kwenye faili langu haimsaidii, kwa sababu wanaotakiwa kuijua zaidi ni wale tisa.

Halafu jambo la simu. Mtu wa zamu akinipigia usiku, jibu ni swali moja: "Msimamizi wako amesemaje?" Kama amekataa, imekataliwa. Hata kama naona amekosea, sigeuzi usiku ule. Naongea naye kesho, sisi wawili, na kama ni kubadilisha, abadilishe yeye kwa mdomo wake. Ajali na ugonjwa tu ndivyo vinavyopita moja kwa moja. Hili nimemwambia na Baba Mdogo, maana naye hupenda kuingia nyuma ya kaunta na kumpanga mtu kazi nyingine bila kumwambia mwenye zamu. Alinyamaza, kisha akasema sawa. Mnamjua, "sawa" yake si ndogo.

Jingine: kupandisha kuanze kwa kukaimu. Miezi mitatu, kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na posho ya kukaimu, na mstari unaosema akiona kazi haimfai atarudi kwenye nafasi yake ya zamani bila kupunguziwa mshahara wake wa zamani. Bila mstari huo, fundi mzuri akishindwa usimamizi ana njia moja tu, mlango wa nje. Na kuwe na cheo cha fundi mkuu kinacholipa sawa na msimamizi. Tunawasukuma watu kwenye kusimamia wenzao kwa sababu ndiko kwenye nyongeza, kisha tunashangaa wanapoteseka.

Nafasi yake nitaitangaza kesho, na usaili wa mezani pekee sitaufanya. Mwombaji anakuja usiku mmoja, analipwa kama kibarua. Namwekea unga kilo 10, chumvi bila kupimwa, na ndoo mbili za maji, moja ya uvuguvugu na moja ya moto wa kuchoma mkono. Naangalia kama atapima chumvi kwenye mizani, gramu 180, au atachota kwa kiganja. Naangalia kama atapima joto la maji kwa kidole kabla ya hamira, kwa sababu maji ya moto sana yanaua hamira na donge halitaumuka hata ukilisubiri hadi adhuhuri. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni karatasi: wawili hawajaja, umeme umekatika dakika 40, mikate 600 inatakiwa saa kumi na moja. Ataanza na nini? Ninayemtafuta ni yule anayetaja mapema kumpigia mteja. Mwisho namwomba anisimulie siku aliyomnyima mwenzake kitu. Asiye na siku hiyo, usimamizi bado.

Wadhamini nao, siwapigii matajiri wake wa zamani peke yao. Natafuta mtu aliyefanya kazi chini yake na kumwuliza kama angekubali tena kuwa zamu moja naye.

Atakayeingia nitakaa naye siku ya 7, ya 30 na ya 90, dakika 20, mbali na tanuri. Wiki hii nini kilikukera? Kitu gani unasubiri ruhusa yangu wakati ungeweza kukiamua? Nani anakufundisha? Fundi sikumwuliza hata moja kati ya haya tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa namwuliza idadi ya mikate.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, moyo mzito, ndipo nikakumbuka Alhamisi. Rehema, yule binti wa chuo cha ufundi cha VETA, kanipigia saa saba usiku. Nikajua ni ruhusa. Akasema, "Shikamoo dada, samahani kukuamsha. Madonge yalikuwa yanatoka gramu 530 badala ya 570, mizani imelegea. Nimewasimamisha, tumepima upya yote. Nakuarifu tu." Mkate wa gramu 500 hautoki kwenye donge la 530, tanuri linakula maji yake. Nikamwuliza Fundi amesemaje. Akajibu, "Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kila donge la ishirini. Amesema niamue."

Nilikaa kitandani nikitabasamu gizani. Mtu amebakiza siku 26 za notisi, na bado anamwachia binti nafasi ya kuamua, kitu ambacho mimi sikumwachia yeye.

Hatabaki, nimeshamwuliza mara mbili. Basi aondoke vizuri: siku zake 28 za notisi alipwe zote, likizo aliyoilimbikiza ihesabiwe, siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi, nyongeza ya usiku ya asilimia 5 isisahauliwe kwenye mwezi wa mwisho, na cheti cha utumishi akabidhiwe siku ileile, asifukuzie ofisini kwa wiki tatu. Nimemwomba usiku nane za mwisho Rehema akae naye tanurini. Amekubali, kwa sharti kwamba nisipige simu.

Bibi naye kapiga kutoka Korogwe jioni hii. Mbuzi wake mweupe mwenye mimba kapitisha siku zake za kuzaa, leo ni 156 tangu apandwe, na tangu asubuhi hajagusa majani. Daktari wa mifugo anasema atafika kesho mchana. Nimemwambia Bibi asilale mbali na banda.