Askari wa Samora na jina la baba yake babu

Nimerudi Dar es Salaam baada ya miaka 14 Uingereza. Siku ya pili tu nilishuka mwendokasi Kivukoni, upepo wa bahari ukanipokea, na miguu ikanipeleka moja kwa moja barabara ya Samora. Nilitaka kumwona Askari, ile sanamu ya katikati ya mji.

Yupo. Maghorofa ya vioo yamemzunguka, bodaboda na bajaji zinapishana chini yake, lakini yeye ni yule yule: bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Marehemu baba alimwita Bismini, kama wazee wengine wa mjini. Nikiwa mtoto nilidhani ndilo jina lake la kuzaliwa.

Mahali pale aliwahi kusimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, aliyejengewa sanamu. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa. Mwaka 1927 wakamsimamisha huyu wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Waliokata shauri ni wakoloni wengine, najua. Hata hivyo nafurahi kila nikikumbuka kwamba gavana aliteremshwa na aliyepanda pale juu ni mtu wetu.

Safari hii nilisoma maandishi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote niliyokuwa napita pale kwenda kupanda daladala Posta. Maneno ni ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na yamewekwa kwa Kiswahili pia. Yanawakumbuka askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nikaizunguka nguzo mara mbili nikitafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Mji mdogo wa bandari nilikokuwa naishi una jiwe la vita hiyo hiyo, karibu na gati. Majina yamechongwa moja baada ya jingine, ya wavuvi na vijana wa mtaani, mengine ya ukoo mmoja yamefuatana. Kila Novemba watu wanasimama kimya mbele yake na maua mekundu ya karatasi kifuani. Nilisimama nao miaka yote 14. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Siku ile niliingia chooni kazini nikalia, kwa sababu mmoja wao ni wa kwetu.

Kutoka Samora nikaenda kwa shangazi, Kariakoo. Mtaa wenyewe umebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale. Tunanunua vitenge na simu juu ya kambi yao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivi?"

Nilipomuuliza habari za baba yake babu, aliweka kikombe chini. Mzee huyo alikamatwa shambani, upande wa Kisarawe, akabebeshwa mzigo kuelekea Rufiji. Wapagazi wengi kule waliuawa na njaa, homa na kuhara kuliko risasi. Kama yeye alikufa kwa lipi, hakuna aliyerudi kusema. Mkewe alikaa miaka akisikiliza mlango.

Shangazi akainuka, akafungua kabati na kutoa daftari la hitma. Jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, kurasa zimelainika kwa kushikwa. Marehemu wote wa ukoo wamo, kwa wino wa buluu. Babu aliwaandika kwa herufi za Kiarabu, shangazi akawanakili kwa herufi hizi zetu. Wa tatu kutoka juu ni yeye, jina lake na la baba yake.

"Kila Shaabani tunamsomea," akasema. "Hajawahi kurukwa."

Nikatoa simu nipige picha. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Andika, kwa mkono wako."

Akanipa kalamu.