Majoka Matatu ya Shaba

Tatizo langu lilianza na kamusi. Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, yaani mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, na ambao toleo lake la kwanza lilichapishwa Marekani mwaka 1974, majoka hugawanywa kwa rangi: yale maovu ni meusi, mekundu, meupe, ya buluu na ya kijani, na yale mema hupewa majina ya metali, yaani dhahabu, fedha na nyingine tatu. Hizo tatu ndizo zilizonikwamisha. Kiingereza kina neno lake kwa kila moja, lakini sisi tunaziita zote shaba: shaba ya nyaya za umeme, shaba ya misumari iliyo kwenye milango ya Unguja, na shaba ya medali ya mshindi wa tatu. Ningeweza kuongeza vivumishi, ila najua wachezaji wangu, na najua kwamba kufikia saa tatu usiku hakuna ambaye angekumbuka shaba ipi inapumua nini. Basi nikaziacha metali, nikampa kila mmoja jina la tabia yake: Msemaji, Mcheshi na Mlinzi.

Mimi ndiye mwendesha mchezo, yaani msimulizi anayewaongoza wachezaji na kuigiza viumbe wanaokutana nao, na kabla ya hapo nilikuwa wa hovyo kwa upande wa majoka. Joka langu la kwanza, jekundu, nililitoa moja kwa moja kwenye jedwali la namba: pointi za uhai, nguvu ya makucha, ukali wa pumzi ya moto. Lilikufa katika raundi ya nne bila kutamka neno. Wiki iliyofuata mchezaji mmoja aliniuliza lile dude lilikuwa linataka nini hasa, nami sikuwa na jibu.

Si kwamba watunzi wa mchezo hawakutoa msaada. Kitabu cha viumbe cha mwaka 2014 kinaeleza kwamba joka jeupe ndilo lililo karibu zaidi na mnyama, na kwamba hugandisha maiti za maadui wake katika barafu ili liendelee kuzitazama. La kijani hupendelea kuipotosha mioyo ya watu kuliko kuwaua. Na jekundu hujua mahali na thamani ya kila kitu katika hazina yake, kiasi kwamba hata sarafu moja ikikosekana linaweza kugundua. Hayo ni mazuri, lakini ni tabia za jamii nzima. Ukiishia hapo, joka jekundu la pili litakuwa marudio ya lile la kwanza, nao wachezaji watalitambua kabla halijafungua kinywa.

Msemaji ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kitabu kinasema joka la aina yake hupenda mazungumzo kupita kiasi, na kwamba mgeni anayejaribu kutoroka anaweza kupuliziwa pumzi ya usingizi, kisha akazinduka akiwa amefukiwa mchangani hadi shingoni, asikilize hadi mwenyeji atosheke. Nilijiuliza ni nini kinachomfanya kiumbe awe na kiu ya namna hiyo. Katika toleo hilo joka huhesabiwa kuwa la kale likishapita miaka 800, na huo ni umri wa kuzika watu wengi. Kwa hiyo Msemaji wangu ni mpweke, na tena amechanganya nyakati: huwauliza wasafiri habari za mfanyabiashara wa chumvi aliyepita kwake karne tatu zilizopita, na hukasirika kidogo akiambiwa hawamfahamu. Hajibu swali lolote kabla ya salamu. Lazima aamkiwe, aulizwe hali, naye aulize za nyumbani, za safari na za ngamia mmoja mmoja. Mchezaji aliyeanza na "hazina iko wapi?" alipuliziwa pumzi ya usingizi, akarusha dadu la pande 20 ili kuihimili, akapata 3, na mhusika wake akalala. Tangu siku hiyo mezani petu watu husalimiana na majoka kwa adabu kuliko wanavyosalimiana wenyewe.

Mcheshi naye, kwa mujibu wa kitabu, anapenda mizaha na mafumbo. Hapo sikuhitaji kubuni sana, kwa sababu sote tulilelewa na "Kitendawili!" na "Tega!" Wachezaji waliposhindwa kutegua, akawaambia wampe mji, kama ilivyo desturi, nao wakampa kwa kicheko mji waliotoka. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba joka huyo anaijua desturi kama wanavyoijua wao. Alichukulia kwamba amepewa. Vikao vitano baadaye walirudi nyumbani wakamkuta amejilaza juu ya ukuta wa mji, ana furaha tele, akiwauliza wazee ni lini wataanza kumletea kodi. Hakumdhuru mtu, wala hakuelewa kwa nini wenyeji wanalia. Ugomvi huo ulituchukua vikao viwili bila upanga hata mmoja kuchomolewa.

Kuhusu Mlinzi nakiri sikufaulu. Anaishi pwani, huzitazama meli, na anaweza kujigeuza pomboo. Mimi nilimfanya mwema na mwenye busara, basi, na wema usio na kasoro haunogi mezani.

Kuna jambo dogo la kisarufi nililoliona baadaye. Kuhusu lile jekundu la kwanza, wachezaji walisema "linakuja", "limekufa". Msemaji, tangu kikao cha pili, walisema "anakuja", na sikuwaelekeza. Mlinzi bado anaitwa "lile la baharini".

Jumamosi ijayo wanapanda mlima kwenda kwa joka jekundu la pili. Nimeandika katika daftari kwamba sarafu moja imekwisha kupotea kabla hawajafika, kwamba yeye anamjua mwizi, na kwamba mwizi ni binti yake.