Ulikuwa unawaza nini, mama?

Saa kumi na moja alfajiri. Soko la Mbuyuni, Moshi, bado ni giza, na baridi ya huku mwezi wa saba haina utani. Lori la ndizi limeingia, vijana wanashusha mikungu huku wakitaniana kwa matusi. Nimesimama pembeni na daftari na sijamuuliza mtu swali lolote. Mama ninayemfuatilia anachagua mzigo kwa tochi ya simu. Mshare huku, hizo za mtori. Mzuzu kule, za kukaanga. Za mbege zina mteja wake, hazigusi. Kila mkungu anaupitishia kidole gumba, kwa sababu ndizi changa ina kona kali na iliyokomaa imejaa, imeviringika. Naandika: kidole gumba, kona, kucha fupi mno. Chenji iko kwenye fundo la khanga. Noti za elfu kumi ziko kwingine, na hapo sitasema ni wapi.

Mkungu mmoja aliushika akasimama nao kitambo, macho yakiwa mbali. Nikaweka alama ya nyota daftarini.

Ninachojifunza kinaitwa uandishi wa habari wa kifasihi. Habari ya kawaida ya soko hili naweza kuiandika nikiwa usingizini: bei ya ndizi yapanda, wafanyabiashara walia na ushuru, ofisa asema suala linashughulikiwa. Yote yanaweza kuwa kweli na msomaji asione ndizi hata moja. Huku kwingine unajenga tukio baada ya tukio kama mtunzi wa hadithi, unawaacha watu waongee kwa maneno yao, unaonyesha vitu vidogo vinavyosema mtu ana nini na amekosa nini. Tom Wolfe wa Marekani alizieleza mbinu hizo mwaka 1973, kwenye mkusanyiko wa makala zake na za wenzake. Ila mtunzi ana ruhusa ambayo mimi sina. Kama mvua sikuiona, na hakuna aliyeniambia ilinyesha, basi kwenye makala yangu ni kiangazi.

Saa tatu asubuhi. Mkutano na waandishi kwenye ukumbi wa hoteli. Meza kuu, maji ya chupa, hotuba, bahasha. Kabla ya saa tano maneno 200 yameshatumwa. Hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, tusidharauliane.

Saa sita mchana, kwa mama ntilie, wali maharage, nasoma kwenye simu. Narudia tena makala ya Mmarekani John Hersey kuhusu Hiroshima, mji ulioangushiwa bomu la atomiki mwaka 1945. Alikwenda Japani mwaka 1946, akazungumza na walionusurika, kisha akawafuata sita tu: karani wa kike, madaktari wawili, mjane wa fundi cherehani, padri Mjerumani na mchungaji wa Kimethodisti. Jarida la The New Yorker likampa toleo zima la tarehe 31 Agosti. Anaanza na saa mbili na robo asubuhi, bomu linapolipuka, kila mmoja anafanya nini. Karani ndiyo kwanza ameketi ofisini, amegeuza kichwa aongee na mwenzake wa meza ya jirani. Basi. Mwandishi hatoi chozi. Angelia yeye, sisi tungebaki kumtazama yeye badala ya karani.

Na tusijifanye hili ni la Wazungu peke yao. Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, msichana wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu na baadaye akaenda Bombay kurekodi nyimbo mwaka 1928. Maisha ya mtu wa kweli, kwa Kiswahili kilichopangwa kwa ajili ya sikio. Nashangaa tunavyokipeleka kitabu hicho kwenye mtihani wakati kingefaa kuwa kwenye meza za vyumba vya habari.

Saa nane. Narudi sokoni na ile nyota yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umerudi? Ndizi ni zilezile."

Namuuliza: asubuhi, ulipoushika ule mkungu ukanyamaza, ulikuwa unawaza nini?

Anacheka mpaka anashika kiuno. "Nilikuwa nawaza choo!"

Choo kiko upande wa pili wa soko, na jirani anayemlindia mzigo alikuwa hajafika. Akiondoka kabla, kijana wa mkokoteni anaweza kukosea mkungu. "Kukosea," anarudia, akinikazia macho mpaka niliandike neno lenyewe. Ndiyo maana chai hainywi nyumbani. Anainywa hapa, jirani akishaketi. Mume, deni, masika yaliyochelewa: hayo angeyawaza mwandishi aliyebaki mezani kwake.

Namfuata jirani peke yake, nimuulize bila mwenzake kusikia. Naye anasema hivyohivyo, halafu anaongeza ambalo mama hakulitaja: mwaka jana alipolazwa, mama aliuza mafungu yote mawili na kumpelekea hela wodini kila jioni. Narudi kumuuliza mama kama niliandike. "La choo andika. La hela mwulize yeye, ni lake. Na jina langu usiweke, wakwe zangu wanasoma." Jirani amekubali.

Saa kumi nampigia dereva wa lori. Nilikuwa nimeandika mzigo umetoka Marangu. Anasema nusu ni Marangu, nusu ameipakia Kilema. Narekebisha.

Saa moja jioni ndipo naandika. Naanza na kidole gumba, na choo nakiweka katikati, kwa sababu kikitangulia makala itageuka ya vyoo vya masoko, jambo ambalo linastahili makala yake. Nasoma kwa sauti, nafuta "kwa huzuni", nafuta "mwanamke shupavu". Mhariri ameuliza kwenye simu kama yatatosha maneno 400. Nimemtumia 900, nikamwambia achague mwenyewe pa kukata, ila kisu kisifike kwa jirani.