Nilivyobadilisha sensa ya joto la maji kwenye IST nyumbani

Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ-FE. Ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi, ekzosi inanuka petroli, plagi zimejaa masizi, na ukiizima ikiwa ya moto haitaki kuwaka tena. Ushauri ulimiminika: badilisha plagi, safisha nozeli, nunua pampu ya mafuta. Mwingine akataka nitoe thamostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, nikaitupe. Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, maana injini isiyofikia joto lake huongezewa mafuta, na ndio ugonjwa wenyewe niliokuwa naukimbia.

Jibu lilitoka kwenye kiskana cha ELM327, kile kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu kwa bluetooth. Gari ikilala usiku kucha, maji na hewa hulingana joto. Asubuhi fungua swichi bila kuwasha injini, usome joto la maji na la hewa inayoingia. Visipishane zaidi ya nyuzi chache. Langu lilisema hewa 27, maji 9. Nyuzi 9 Dar es Salaam! Sensa hii ya joto la maji, upinzani wake wa umeme hupanda kadiri inavyokuwa baridi. Ikichoka upinzani ukabaki juu, kompyuta huamini injini ni ya baridi na kuongeza petroli. Taa ya injini haikuwaka, kwa sababu kwa kompyuta nyuzi 9 ni joto la kawaida tu. Kodi za hitilafu P0117 au P0118 huja waya ukipiga shoti au ukikatika.

Kabla ya kununua chochote, pima waya, na hapa huhitaji fundi. Chomoa soketi ya sensa huku swichi iko wazi: skana inatakiwa ianguke hadi -40. Kisha unganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya: irukie 140 hivi. Ikifanya yote mawili, waya na kompyuta ni vizima na mgonjwa ni sensa. Ikigoma kutoka -40, usinunue sensa, tafuta waya uliokatika. Raha ya kipimo hiki ni kwamba kinamaliza ubishi wote.

Sensa nilinunua Kariakoo, bei yake haikukaribia hata kidogo ile ya pampu niliyoambiwa ninunue. Namba za Toyota huanza na 89422. Ipime kwa mita ya umeme kabla ya kuifunga: kwenye nyuzi 20 isome kiloomu 2 hadi 3, na ncha ikizamishwa kwenye maji ya nyuzi 80 ishuke hadi omu 200 hadi 400. Isiyoshuka, irudishe dukani.

Sensa iko kwenye silinda hedi upande wa giaboksi, chini ya bomba la hewa. Injini ikishapoa, fungua mfuniko wa rejeta kutoa presha, kisha ufunge tena ili maji yasimwagike mengi. Plastiki ya soketi ikizeeka hukatika kirahisi: isukume kwanza kuelekea ndani, bonyeza kufuli, ndipo uvute. Kufungulia, tumia spana ya soketi ndefu namba 19. Sensa mpya iwe mkononi. Ya zamani ikitoka tu, mpya inaingia.

Hakikisha washa (pete ya kuzibia) ya zamani haijabaki tundu lilipo, maana washa mbili zikipandana huvujisha. Usizungushie tepu ya mabomba. Kinachoziba ni washa mpya. Anza kwa vidole, malizia kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, Nm 20. Hedi ni ya aluminiamu, hesi za tundu lake zikichunika gharama ni nyingine kabisa.

Jaza koolanti, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa, subiri mapovu yaishe na feni iwake yenyewe. Siku za mwanzo pitisha kidole chini ya sensa. Ukikuta unyevu, kaza kidogo, usipake silikoni.