Soketi ikipata joto, usiizoee
Plagi ya hita au ya jiko la umeme ikiwa ya moto ukiigusa, mara nyingi kosa si la hita. Ni mguso uliolegea ndani ya soketi: skrubu haikukazwa, au vibati vinavyoshika pini vimechoka. Umeme unapita kwa taabu, joto linapanda, plastiki inageuka kahawia. Zima swichi kuu, kisha badilisha soketi na plagi kwa pamoja, maana plagi iliyoungua itaiharibu na soketi mpya.

Hesabu ya umeme unaopita kwenye soketi ni nyepesi: gawa wati kwa volti, unapata ampea. Wati 3000 kwenye volti 230 ni ampea 13, yaani soketi ya ampea 13 imeshajaa. Ukichomeka na birika kwenye ekstensheni hiyohiyo, umevuka mpaka. Ekstensheni ya kuviringa nayo ikunjue yote. Ikiwa imeviringwa, joto halina pa kutokea.

Jiko kubwa lenye oveni lipewe laini yake kutoka kwenye breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi), kwa kawaida waya wa milimita 6 za mraba. Breka ikijikata kila mara, tafadhali usiweke kubwa zaidi. Breka inalinda waya, na waya uliomo ukutani haujanenepa.