Dume la Siafu kwenye Taa ya Veranda

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili, tulipokuwa katika ibada ya nyumbani hapa Nairobi, mvua ilikatika na mdudu mzito wa rangi ya kahawia akaja akaigonga taa ya veranda mara kadhaa, kisha akaanguka katikati ya vitabu vya nyimbo. Wengi walirudi nyuma wakidhani ni nyigu, na hatuwezi kuwalaumu, kwa maana hata Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyempa mdudu wa aina hii jina la kitaalamu mwaka 1764, alimweka katika jamii ya nyigu. Alikuwa dume la siafu (kumbikumbi ni mchwa, huyu ni mwingine), naye hana mwiba hata kidogo.

Jamaa zake twawajua: siafu vipofu wa msafara, wote wa kike, wasio na mabawa. Yeye ana macho makubwa, mabawa, na mwili mnene kama soseji, lakini hawindi, habebi chakula, wala halindi kundi. Nilikuwa mwepesi kumhesabu mvivu, yule yule ambaye Sulemani alimtuma kwa chungu akajifunze. Hata hivyo malkia wa siafu hana mabawa ya kumtoa nje kutafuta mwenzi, hivyo damu ya kundi jingine haimfikii mpaka dume aage kwao, aruke usiku, aangukie msafara wa siafu wasiomjua.

Hapo ndipo nilipokwama siku kadhaa. Siafu hao wakimpata humkata mabawa, wakamburuta hadi shimoni kwa malkia. Kilichomfikisha mlangoni ndicho anachonyang'anywa mlangoni, tena kwa meno ya vipofu. Akishapandana, hufa, na binti zake hatawaona. Mimi nimeomba miaka mingi Mungu anitumie, na nikijichunguza kwa haki, kila mara nilimaanisha anitumie pamoja na mabawa yangu, jina langu likitajwa kwanza katika matangazo.

Yule wa veranda alikuwa bado na mabawa yake yote. Taa tuliyoiwasha ili tusome Neno ndiyo iliyompoteza, akaizunguka mpaka nguvu zikamwishia. Dada mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama haingewezekana kuizima. Tukaizima, tukaendelea kuomba gizani, na kabla ya kusema amina tukasikia mabawa yakivuma kuelekea uani.